Globu ya Meza ya Kona

Waliousifu ule mkahawa walisema ukiingia tu unajisikia umekumbatiwa. Inspekta aliingia asubuhi, akagonga goti kwenye mguu wa kiti, akatukana kimoyomoyo, akajisikia amefungiwa ndani ya kabati la nguo za mtu mwingine.

Kazini walimwita Ndimu, nyuma ya mgongo wake, kwa sababu ya uso aliokuwa nao. Alijua wanamwita hivyo na hakuona haja ya kuwakataza. Uso wenyewe alikuwa anaunyoa kila asubuhi, kwa hiyo hakuwa na ubishi.

"Washa taa," akamwambia Sajenti.

Sajenti, mwanamke wa mabega mapana aliyetembea na mkoba wake wa alama za vidole hata anapokwenda kunywa chai, alipapasa ukutani. Kila meza ilikuwa na swichi yake, ndogo, ya shaba, imefichwa nyuma ya pazia kana kwamba kuwasha taa ni jambo la aibu. Akaziwasha moja baada ya nyingine, huku akiguna kila mara kidole kinapokosa mahali pake.

Mwanga mweupe ukamwagika kutoka kwenye kofia za shaba zilizoning'inia chini chini juu ya meza. Ulikuwa mweupe wa zahanati. Kuta nyekundu zilizoiva zikaonekana zina rangi ya ini bichi, na mahameli ya viti ikaonyesha kila alama ya makalio yaliyowahi kukalia. Ni meza ya kona tu iliyotoa mwanga wa njano, laini kama kiini cha yai. Chini ya meza hiyo, kwenye sakafu ya jiwe jeusi, bado kulikuwa na mstari wa chaki ulioonyesha pale alipoangukia mwenye mkahawa, siku ya Jumatatu, siku ambayo huwa wamefunga.

Ndimu aliitazama ile njano. Akaona moja kwa moja kwamba marehemu alikuwa anabadilisha globu na akauawa kabla hajafika kwenye ya mwisho. Akaachana nayo, maana alikuwa na mambo mengine kichwani.

Jambo kubwa lilikuwa mpishi. Mpishi alikuwa mdogo wa mke wa marehemu, yuko mahabusu tangu Jumatatu ile, na mchana huo angepandishwa kizimbani kusomewa shitaka la mauaji. Akishasomewa, kumtoa tena ni kazi ya miaka. Mkuu wa kituo alikuwa ameshapiga simu kabla Ndimu hajamaliza kufunga viatu.

"Una shahidi, una kikaango, una ugomvi," Mkuu alisema. "Unataka nini tena? Marehemu aje mwenyewe atoe maelezo?"

"Daktari anasema aliyempiga alitumia kitu kizito, bapa, chenye ukingo ulionyooka. Kikaango ni cha duara, mkuu."

"Basi daktari akapimwe macho."

Hivyo ndivyo kesi zilivyofungwa siku hizi. Kikaango kilikutwa kimeoshwa siku ya mapumziko, kwa hiyo kikawa silaha. Mpishi na shemeji yake walisikika wakifokeana asubuhi uani, kwa hiyo ikawa chuki. Na shahidi alikuwa amevaa suti nzuri, kwa hiyo Mkuu akamwagizia chai kwenye kikombe chake mwenyewe, kile chenye sahani. Ndimu, aliyefanya kazi pale mpaka mvi zikamtoka masikioni, hajawahi kukigusa kikombe kile.

Shahidi alikuwa Mbunifu, mtu aliyeupamba mkahawa ule kuanzia sakafu hadi vitasa. Maelezo yake yalikuwa mafupi na yamepangika. Jumatatu jioni alikuwa anapita kwa miguu, akatupa jicho dirishani, akamwona mpishi amesimama juu ya shemeji yake kwenye meza ya kona, mkono umeinuliwa. Alimtambua kwa sura na kwa aproni yake nyekundu. Hakuingia, alidhani ni utani wa kifamilia.

Ndimu alikuwa amemwita aje aonyeshe aliposimama.

Mbunifu alifika amechelewa, suti ya kitani, miwani ya fremu nyekundu, viatu vya ngozi bila soksi, na begani mkoba laini unaonesanesa. Alipovuka kizingiti tu akafunika macho kwa kiganja.

"Mungu wangu. Nani amewasha haya mataa?"

"Serikali," Ndimu akajibu.

Mbunifu hakucheka. Alipita katikati ya viti kama mtu anayepita kwenye tope, suruali ameikunja kwa vidole, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye meza ya kona, akakaa. Miguu yake ikatua huku na huku ya ule mstari wa chaki. Kulikuwa na viti tele humo ndani, na yeye akachagua kile. Ndimu aliliona hilo, na aliona pia kwamba chini ya ile njano makunyanzi ya shingo ya yule bwana yamepotea, na ngozi yake imekuwa nyororo kama ya bwana harusi.

"Kaa hapa, Inspekta," akasema kwa upole ule wanaotumia watu wakizungumza na mtumishi wa mwenzao. "Ukikaa hapa utaelewa nilichokusudia. Huko ulikosimama ni soko la samaki."

Ndimu akakaa. Kiti kilikuwa cha chini kuliko alivyotarajia, magoti yakampanda hadi kwenye meza.

"Eleza," akasema.

Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mbunifu alieleza plasta ya kuta, chokaa iliyochanganywa na vumbi la matofali, ikapakwa kwa mkono ili inywe mwanga badala ya kuurudisha. Alieleza mbao za meza, zilizosuguliwa kwa mafuta tu. Vanishi aliikataa katakata, kwa sababu vanishi hung'aa kama paji la uso la mlevi. Mapazia mazito yalikuwa ya kuua sauti, ili watu wa meza moja wasisikie umbea wa meza ya pili. Kioo cha dirisha alikiagiza cha rangi ya asali. Na taa, taa ndiyo roho ya kazi, alizishusha mpaka usawa wa utosi wa mtu aliyesimama, na kofia zake zikafungwa pande zote. Mwanga ungeangukia sahani na vidole, kisha ungepanda taratibu usoni.

"Watu wawili wakikaa hapa," akasema, sauti ikimshuka, "dunia inaishia kwenye ukingo wa meza."

"Kwa mmoja iliishia kweli," Ndimu akasema.

Mbunifu alivuta mdomo pembeni. "Masikini. Alikuwa na moyo mzuri. Macho hakuwa nayo. Aliniomba niweke picha ya matunda ukutani."

"Na wahudumu? Kwenye huo mpango wako wanakaa wapi?"

"Wahudumu hawapo."

"Hawapo vipi? Chakula kinakuja chenyewe?"

"Ndiyo maana yake!" Mbunifu akainama mbele, furaha imempanda. "Inspekta, mtu anayemshika mkono mpenzi wake hataki kuona jasho la mpishi. Kwa hiyo kitambaa cha aproni nilikitia rangi ileile ya ukuta. Nje, juani, ni nyekundu. Humu ndani, chini ya mwanga wangu, hakuna kitu. Mtu anasimama pembeni yako, na wewe unaona sahani imetua. Watu walinipongeza sana kwa hilo."

"Hongera," Ndimu akasema, akajizuia kutema mate.

Mbunifu alifungua ule mkoba, akatoa kamba ya ngozi yenye vipande vya ukubwa wa kiganja vilivyotungwa kama samaki: kipande cha plasta, cha mbao, cha mahameli, cha shaba, cha kioo. Kila kilichojenga chumba kile, alisema, kipo kwenye kamba ile. Hutembea nayo popote, kwa sababu wateja hawana uwezo wa kuwaza mpaka washike.

Ndimu aliipitisha kamba vidoleni. Akatazama chini, kwenye jiwe jeusi lililosuguliwa.

"Na sakafu?"

"Sakafu imefanya nini?"

"Kipande cha jiwe. Hapa mwisho kuna kitanzi kitupu."

"Ah. Kilikatika. Vitu vizito hukatika."

"Lini?"

"Inspekta, mimi siandiki tarehe za kufa kwa mawe."

"Sawa. Na humu ndani, mara yako ya mwisho kuingia?"

"Siku ya ufunguzi. Nikimaliza kazi sirudi. Wenye mali wana kawaida ya kuleta maua ya plastiki, na mimi nina shinikizo la damu."

Ndimu akamwomba asubiri hapo hapo, akampungia Sajenti amkalie karibu, akaenda jikoni.

Mjane alikuwa anafuta kaunta ambayo ilikuwa safi tayari. Alikuwa amejifunga kitambaa cheusi kichwani, macho yamevimba. Alikuja na funguo kwa sababu polisi walimwita, na alikuwa ameshasema mlangoni kwamba habari za mdogo wake hataki kuzisikia. Wakwe zake walikuwa wamemwambia asikanyage kwao, maana ni dada wa muuaji. Na yeye hakuwabishia.

"Pole, dada," Ndimu akasema. "Nina swali moja dogo."

"Uliza."

"Mumeo alikuwa anaweka globu mpya. Naona alibakisha moja."

"Hakubakisha."

"Ya kona ni ya njano."

Aliacha kufuta. "Haiwezekani. Tuliweka zote. Mimi nilishika stuli, yeye akapanda. Hiyo ya kona ndiyo tulianza nayo, kwa sababu ndiyo ilikuwa na giza kuliko zote. Nilikaa pale nikamsomea menyu yote, juu mpaka chini, bila kukodoa macho. Akacheka, akasema sasa na watu wazima wataweza kula hapa." Akaanza tena kufuta. "Ndipo nikatoka kumfuata mtoto. Nilivyorudi..."

Ndimu akamwacha afute. Hakuwa mtu wa kubembeleza, lakini hakuwa mtu wa kuharakisha mjane pia.

"Globu za zamani mlizitupa?"

"Ziko kwenye boksi chini ya meza ya kulipia. Alisema tutazitumia chooni."

"Na ule ugomvi wa asubuhi, wa mumeo na mdogo wako. Waligombania nini?"

"Hizo hizo taa. Mdogo wangu alisema nyama inarudishwa jikoni kila siku kwa sababu mtu haoni kama imeiva. Alisema amechoka kupikia popo. Mume wangu akafoka, mdogo wangu akafoka. Halafu mume wangu akanyamaza, akaenda dukani mwenyewe kununua globu."

"Kwa hiyo mpishi alishinda."

Mjane akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Alishinda," akasema polepole.

"Na kile kikaango kilichooshwa siku ya mapumziko?"

"Anakiosha kila siku. Hata akiumwa. Anasema jiko chafu linamnyima usingizi."

"Haya yote uliyasema kituoni?"

"Nilianza. Mkuu akaniambia nijibu nilichoulizwa. Halafu akanisomea maneno ya yule bwana." Akakunja kitambaa cha kufutia, akakikunjua. "Yule bwana alimwona, Inspekta. Mtu msomi kama yule angesema uongo ili iweje?"

Ndimu alikuwa na jibu la swali hilo, lakini lilikuwa halijaiva.

Boksi lilikuwa mahali liliposemwa. Globu za njano zimepangwa ndani yake kwa mistari, vumbi kidogo kwenye vioo. Katikati yao kulikuwa na moja nyeupe, mpya, inameremeta kama jino la bandia. Ndimu hakuigusa. Alimwita Sajenti, wakabadilishana nafasi, na Sajenti akainama na brashi yake na unga wake bila kuuliza swali hata moja. Hilo ndilo Ndimu alilompendea. Alama za watu wote waliowahi kufanya kazi mle alikuwa nazo kwenye mkoba, zilichukuliwa siku ya pili ya msiba. Mbunifu alitoa zake akilalamika kwamba wino utamharibia kucha.

Alipomaliza alinyanyuka, akamnong'oneza Ndimu sikioni. Ndimu akaitikia kwa kichwa mara moja.

"Vaa aproni ya mpishi," akamwambia. "Kasimame pale kwenye kona, pembeni ya kiti. Zima hizi nyeupe zote."

Taa nyeupe zilipozimika, Mbunifu alishusha pumzi kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. "Ahsante. Hatimaye mtu mwenye akili."

"Twende nje," Ndimu akasema. "Unionyeshe uliposimama."

Wakatoka kwenye baraza la barabara. Watu walipita na mizigo yao, muuza magazeti akatupa jicho. Mbunifu akasimama mbele ya dirisha bila kusita, nyayo zimepangika, kama mtu aliyefanya mazoezi. Ndimu akasimama bega kwa bega naye, akaweka paji la uso karibu na kile kioo cha rangi ya asali.

"Unaona nini?"

"Meza ya kona."

"Na nini?"

Mbunifu akasogeza uso kwenye kioo. Ndani kulikuwa na duara la mwanga wa njano, ukingo wa meza, na mikono miwili ikielea hewani bila mwenyewe. Sajenti, na ukubwa wake wote, hakuwapo. Ukuta ulikuwa umemmeza, aproni na mwili.

"Mikono," Mbunifu akasema mwishowe.

"Ya nani?"

"Ya askari wako."

"Unajua kwa sababu tumemwacha humo. Uso wake unauona? Aproni unaiona?" Ndimu akagonga kioo kwa kucha. "Sajenti! Inua mkono kama unataka kupiga!"

Mkono mmoja ulipanda, ukapita kofia ya shaba, ukapotea gizani. Ulibaki mmoja.

"Mkono ulioinuliwa, ulisema," Ndimu akasema. "Sura, ulisema. Aproni nyekundu. Umejenga chumba mtumishi asionekane, umepongezwa, umevimba kichwa. Halafu unakuja kituoni unakunywa chai ya Mkuu na kusema umemwona mtumishi."

Shingo ya Mbunifu ilianza kung'aa jasho. Lakini hakuwa mjinga, na Ndimu alikuwa anategemea jambo hilo hasa. Mjinga angenyamaza.

"Unasahau kitu, Inspekta," Mbunifu akasema, na lile tabasamu la pembeni likarudi. "Siku ile taa hazikuwa hizi. Zilikuwa nyeupe. Zile takataka ulizowasha asubuhi. Chini ya mwanga ule ungeona hata kiroboto. Ndiyo maana nilimwona vizuri."

"Ya kona pia ilikuwa nyeupe?"

"Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Iliwaka kama jicho la maiti."

"Una uhakika?"

"Nimekwambia niliona kwa macho yangu!"

"Nashukuru," Ndimu akasema. "Ingia ndani, baraza lina jua."

Sajenti alikuwa ameshavua aproni. Ndimu akavuta kiti, safari hii mbali na kona, akamwashia Mbunifu taa nyeupe usoni. Mjane alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa chake mkononi, na hakuna aliyemfukuza.

"Sasa nisaidie," Ndimu akasema. "Mimi kichwa changu kizito. Marehemu anapigwa, taa ya kona ni nyeupe. Umesema wewe. Mjane anarudi, anapiga kelele, tunakuja, taa ya kona ni ya njano. Katikati hapo mtu amepanda kwenye stuli, maiti iko miguuni pake, akafungua globu nzuri iliyonunuliwa siku hiyo hiyo, akarudisha ya zamani. Nani huyo?"

"Mpishi. Nitajuaje mimi?"

"Mpishi aliyechoka kupikia popo. Amegombana na shemeji yake apate mwanga, ameupata, halafu amuue, na akishamuua apande juu arudishe giza. Nani atakayekubali upuuzi huo?"

"Watu wakichanganyikiwa..."

"Mtu huyu hakuchanganyikiwa. Alifuta meza. Alifuta kitasa. Alifuta na kiti, Sajenti hakukuta hata alama moja. Alivyomaliza kufuta akatazama juu, akaona kitu asichoweza kukivumilia. Hakuona vibaya kuacha mtu kafa sakafuni. Aliona vibaya kumwacha chini ya taa mbaya."

Mbunifu alikunja uso kuikwepa taa. Chini ya mwanga ule mweupe kila kunyanzi lilikuwa limerudi mahali pake, na mifuko miwili chini ya macho, na rangi ya nywele inayokaribia kuisha kwenye mizizi.

"Sajenti," Ndimu akasema.

"Globu nyeupe iliyokuwa kwenye boksi ina alama za marehemu, afande, na za mkewe aliyemkabidhi. Na gumba la tatu, zima, halina hata mkwaruzo." Sajenti akamtazama Mbunifu bila kupepesa. "La mkono wa kulia. Lenye kovu dogo hapa."

Mbunifu, bila kukusudia, alikunja gumba lake ndani ya ngumi.

"Globu ilinunuliwa Jumatatu mchana," Ndimu akasema. "Wewe uliingia humu mara ya mwisho siku ya ufunguzi. Maneno yako."

Mbunifu akavua miwani yake. Mapazia mazito yalifanya kazi yake, hata magari ya nje hayakusikika.

"Watu wa jarida walikuwa waje Jumanne kupiga picha," Mbunifu akasema. Hakuwa anamwambia mtu. "Miaka nimeusubiri ukurasa ule. Nikapita kuhakikisha kila kitu kiko sawa. Nikamkuta amesimama hapo, stuli mkononi, anatabasamu, anajisifu. Nikamwambia hata kama ni kwa siku moja, rudisha. Moja tu, ya kona, ipigwe picha. Akasema wateja wake ni wanaokula, si wanaopiga picha. Akasema ataleta na taa za tyubu, zile ndefu za ofisini." Akamtazama Ndimu kwa mshangao wa kweli, kama anaomba mtu mwenye akili amuunge mkono. "Tyubu, Inspekta. Humu."

"Jiwe liko wapi?"

"Ofisini kwangu. Nakandamizia michoro."

Mjane alitoa sauti ndogo tu, kama mtu aliyeungua kidole. Mbunifu akageuka kumtazama, akapangusa miwani yake.

"Mdogo wako angefungwa tu," akamwambia, taratibu, kwa ile sauti yake nzuri. "Mtu wa jikoni. Kifungo kisingembadilishia mengi."

Sajenti alimfunga pingu kwa kuzibana zaidi ya kawaida, na Ndimu akajifanya anaangalia plasta.

Kituoni, Mkuu alisoma maelezo mapya mara mbili, akageuza karatasi kutazama kama upande wa pili kuna nafuu.

"Lakini alikuwa mstaarabu kabisa," akalalamika. "Amekunywa chai yangu."

"Osha kikombe, mkuu," Ndimu akasema, akatoka kabla hajajibiwa.

Mpishi alitolewa mahabusu akiwa ameshika viatu mkononi. Walimnyang'anya kamba za viatu siku ya kwanza, na hakuna aliyekumbuka zilikowekwa. Alikuwa mwembamba kuliko kwenye picha, ndevu zimeota ovyo. Chini ya tyubu ya korido, iliyokuwa ikivuma na kupepesa tangu mwaka wa jana, alisimama akimtafuta mtu aliyekuja kumchukua. Kwenye benchi alikuwa amekaa dada yake, kile kitambaa cha kufutia bado kiko mkononi.

"Dada," akasema.

Dada yake akasimama, lakini hakusogea.

"Hukuja hata siku moja," mpishi akasema.

"Sikuja."

"Nilikuwa nawauliza kila asubuhi. Dada yangu hajaja? Wananicheka."

"Yule bwana aliongea vizuri," dada yake akasema, machozi yanamtiririka bila kuyafuta. "Alisema amekuona. Alivyosema... aliongea vizuri sana."

"Na mimi nilisema sikufanya." Mpishi akavaa viatu vyake visivyo na kamba, kimoja, kisha cha pili. "Niliongea vibaya?"

Ndimu, aliyekuwa amesimama kando, akamsogezea fomu ya kusaini. 

Mpishi alisaini. Akachukua mkanda wake, akauvaa, akafika mlangoni akasimama, mgongo amempa dada yake.

"Mtoto anakula nini siku zote hizi?"

"Mkate."

"Mkate," akarudia, kwa dharau nzito kuliko zote alizozisikia Ndimu siku ile. "Na?"

"Mkate tu. Na chai. Sijaweza kuingia jikoni."

Mpishi akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kiganja wazi. Dada yake akakitazama kile kiganja kwa muda, kisha akatafuta kwenye mkoba, akaweka funguo za mkahawa juu yake. Mpishi akafumba vidole, akatangulia kutoka, viatu vikimburuzika sakafuni, na dada yake akamfuata hatua chache nyuma.